Badilisheni Mstari wa Tatu

Tik.

Huo ndio mlio tulioamka nao mwaka mzima, mume wangu. Tik moja, jikoni, gizani, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nyuma ya kopo la unga. Kisha simu yangu hutetemeka mezani, kisha bomba la wapangaji wa juu huanza kuguna, kisha binti yako hukohoa mara mbili na kuuliza kama kumekucha. Ni mlio mdogo, kama wa mtu anayevunja njiti ya kiberiti. Mgeni asingeusikia. Sisi tuliusikia hata usingizini.

Mwaka umezunguka na kurudi pale pale ulipotuacha, tangu Jumanne ile ulipoinamisha kichwa juu ya meza ya kazi saa tisa alasiri, wenzako wakidhani unasoma kitu kwa karibu. Presha, walituambia. Ulikuwa na miaka thelathini na sita. Asubuhi yake ulisimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, ukaniambia, "Usije ukakizima kile cha jikoni." Nikakujibu, "Kwani nina wazimu?" Ndivyo tulivyoagana. Kuna watu huagana kwa maneno mazito.

Leo tunakuandikia wewe, na wanaosoma wasikilize tu. Wengi wao walikujua kwa jina la Taratibu na sura yako hawakuwahi kuiona.

Ulikuwa fundi wa tovuti. Mama yako akiulizwa husema, "Mwanangu alikuwa anatengeneza kompyuta," nawe ulichoka kumsahihisha, ukaishia kumtengenezea redio yake. Mchana ulijenga kurasa za wateja. Jioni, ukishaosha vyombo (na vyombo uliosha, acha niliseme hadharani mashemeji zangu walisikie), ulikaa kwenye kiti chako chenye mguu uliofungwa waya, ukafungua Kibaraza.

Kwa asiyekijua, Kibaraza ni mahali mtandaoni ambapo mafundi wa tovuti huulizana na kujibizana. Mmoja kakwama, ukurasa wake umegoma kufunguka, anauliza. Wengine wanamjibu, wanambishia, wanamcheka, wanamsaidia. Jibu likimfaa huliwekea alama ya vema ya kijani, na tangu hapo kila anayekwama palepale huja kulinakili. Hoja zao nyingine ziliniacha hoi. Watu wazima wenye familia zao waligombana siku tatu juu ya nafasi ngapi ziachwe mwanzoni mwa mstari, mbili au nne.

"Taratibu, jibu lako la kizee. Njia hiyo ilishazikwa zamani," aliandika Wembe, mpinzani wako wa miaka yote.

"Ilizikwa, lakini bado inatembea. Yako mpya inatambaa."

"Mzee, kalale."

"Nikilala nani atakuwekea koma zako?"

Ukacheka peke yako mpaka kiti kikalia.

Wanaoanza, hao hukuwacheka. Wenzako waliwaambia, "Katafute mwenyewe, usitupotezee muda." Wewe uliandika, "Karibu. Kuuliza si ujinga. Nioneshe ulipofika." Mtu mmoja ulimwandikia siku nne mfululizo mpaka akaelewa, kisha akasahau kukushukuru. Nilikasirika kwa niaba yako. Ukasema, "Ameelewa, si ndiyo shukrani yenyewe?"

Sasa kuna jambo sikuwahi kukuambia, na nimelibeba mwaka mzima kama jiwe ndani ya kiatu. Wakati ule nilipoanza darasa la jioni, niliona haya kukuuliza kila kitu mezani. Nikajiandikisha Kibarazani kwa siri, nikajiita Mama Mgeni. Nilikuwa chumbani na simu, wewe ulikuwa sebuleni, ukuta mmoja kati yetu, nikauliza swali langu la kwanza. Dakika tano hazikupita ukanijibu, "Karibu sana, Mama Mgeni. Taratibu ndiyo mwendo." Ukanielekeza kwenye jibu lako la zamani, lile la kuufanya ukurasa ujue saa. Nililinakili, nikalibandika, ukurasa wangu wa kwanza maishani ukafunguka. Nikapiga yowe, ukaja mbio ukidhani nimeona panya. Jioni hiyo ulisimama karibu na jiko ukaniambia, "Kuna mama ameingia Kibarazani, swali lake lina kichwa na miguu. Huyo atafika mbali." Nikageukia sufuria ili usinione uso.

Ukurasa ule ndio nilioutengenezea chekechea ya binti yetu. Kila alfajiri unaandika orodha ya siku hiyo, mtoto gani atachukuliwa na nani jioni, na kuwatumia wazazi. Mwalimu huisoma orodha getini. Aliye kwenye orodha anapewa mtoto. Asiyekuwemo anarudi mikono mitupu. Uliusifu mbele ya mama yako mpaka nikaona aibu.

Nikirudi kwenye jibu la saa, ndipo lilipo kosa lako. Nalitaja kwa heshima, kwa kuwa ulikuwa unalitaja mwenyewe.

Miaka saba iliyopita, kabla hatujaoana, mtu aliuliza Kibarazani namna ya kuufanya ukurasa ujue saa sahihi hata kama mashine yake imechanganyikiwa. Ukamwandikia mistari mitano. Mstari wa tatu ulitaja anwani ya kuulizia saa, na kwa haraka ukaweka ya kwako kama mfano, ile uliyoiandikisha kwa kujifunzia, inayofika kwenye kompyuta ndogo ya jikoni yenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Chini yake ukaandika, "Badilisheni mstari wa tatu, muweke anwani yenu."

Nani husoma chini? Jibu lilipata alama ya kijani. Wakalinakili lilivyo, koma zake na mstari wake wa tatu.

Uligundua mwaka mmoja na nusu uliopita, kwa mchezo tu. Ulikifungia kikompyuta kile kidude cha kulia kila kinapoulizwa kitu, ili kumchekesha mtoto. Tik. Tik tik. Tik.

"Nani anabisha?" nikauliza.

"Ni watu wanatusalimia," ulimwambia mtoto. Kisha ukafungua kumbukumbu za mashine ukaanza kuhesabu, na kicheko kikakuisha mdomoni. Kurasa zaidi ya mia nne, usiku na mchana, zilikuwa zinaiuliza rafu yetu ya jikoni ni saa ngapi. Duka la dawa. Ofisi ya maji. Zahanati tatu. "Wamenakili hadi mlango wa nyumba yangu," ulisema.

Nikasema, "Si saa tu? Wape saa yao."

Hukucheka. "Kurasa hizi haziulizi tu, zinatii. Chochote kinachotoka kwenye anwani hii, zinakifanya. Leo mwenye anwani ni mimi, nawaambia saa. Kesho akiwa mwingine akawaambia fungueni mlango, watafungua."

Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikawasonya wazembe wale wasiosoma hadi mwisho. Nikumbushe baadaye kwamba nilisonya.

Ukalirekebisha jibu, ukaanza kuwaandikia wenye kurasa mmoja mmoja. Wachache wakakujibu. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukakilinda kikompyuta kile kama mtu anayelinda mlango wa nyumba isiyo yake, mpaka Jumanne ile.

Baada yako mama yako alihamia kwetu, na wiki ya kwanza alitaka kukimbia.

"Mwanangu, hiki kinamwita nani?"

"Hakiiti, mama. Kinasalimiwa."

"Na nani?"

"Na watu ambao hawajui kwamba amefariki."

Akachukua kitambaa akalifuta kopo la unga pande zote, akavuta kigoda, akakaa. Tik. "Marahaba," akasema. Tik tik. "Marahaba, wanangu." Tangu siku hiyo hakuacha salamu hata moja bila kuiitikia, akiwa anachambua mchele, akiwa anasuka nywele za mtoto. Mdogo wako alipokuja kutuona alinivuta pembeni. "Shemeji, unaunguza umeme kwa ajili ya mlio, na mama sasa anaongea na rafu." Nikamwambia, "Shemeji, kaa kimya au uitikie." Jioni nikamsikia naye anaitikia.

Ningependa barua hii iishie hapo.

Miezi mitatu iliyopita mtu mmoja aliandika Kibarazani chini ya jibu lako la saa. Alijiita Mvumilivu. "Anwani ya mstari wa tatu, muda wake unaisha lini?" Hakuna aliyemjibu. Wiki moja baadaye akajijibu mwenyewe, akaweka tarehe. Niliangalia kalenda ya ukutani mara mbili. Uliiandikisha anwani ile kwa miaka mingi kwa mkupuo mmoja, ukisema hutaki usumbufu, na miaka hiyo ilikuwa inaisha saa sita ya usiku wa kuamkia siku ya mwaka wako.

Siku iliyofuata aliniandikia faraghani, kwenye jina langu la Mama Mgeni. "Pole kwa msiba, dada. Usihangaike na anwani ya marehemu. Iache iive yenyewe."

Mume wangu, Kibarazani sikuwa nimemwambia mtu kwamba umefariki. Wala hakuna aliyejua kwamba Mama Mgeni ni mkeo. Hata wewe hukujua.

Nikajaribu kuongeza muda. Mtambo ukaniambia sawa, tumekutumia namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Simu yako. Laini ile nilikuwa nimeiacha bila kuitumia miezi kadhaa kwa kuwa sikuweza kuiona ikiwa mezani, na kampuni ikampa mtu mwingine. Nikampigia.

"Samahani kaka, namba hii ilikuwa ya marehemu mume wangu. Umeingiwa sasa hivi na ujumbe wenye namba sita, naomba..."

"Ahaa, mmeanza! Jana nilikuwa nimeshinda jokofu, leo marehemu."

"Naapa, kaka yangu."

"Dada, namba ya siri hasomewi mtu. Nendeni mkalime."

Akakata, akanizuia nisimpate tena. Sikuweza kumlaumu. Onyo hilo wewe mwenyewe uliliandika Kibarazani mara ngapi? Ofisi inayoandikisha anwani niliipelekea cheti cha kifo na cha ndoa. Ilinijibu mara tisa kwamba ombi langu limepokelewa.

Hapo nikafanya nililokuwa naliogopa. Nikaandika Kibarazani, mbele ya wote: "Mimi Mama Mgeni ni mke wa Taratibu. Taratibu hayupo tena. Aliacha kosa moja, linatembea bila yeye. Naomba mnisaidie kulizima." Nikaeleza kuhusu mstari wa tatu, kuhusu tarehe, kuhusu mtu anayesubiri.

Kisha Wembe: "Nipe kurasa mia moja za kwanza."

Mwingine: "Nami hamsini."

Mwingine: "Alinifundisha siku nne sikumshukuru. Nipe zilizobaki."

Baadaye Wembe alinipigia simu. Nilitarajia kijana mwenye ulimi. Ni mzee wa miaka sitini na tano, mwalimu mstaafu wa hesabu, ana kikohozi. "Nilimwita mzee miaka sita," aliniambia, "na nilikuwa namzidi kwa karibu miaka thelathini. Usimwambie mtu." Samahani, Mwalimu, nimewaambia. Nilimuuliza kama tunaweza kuiwahi anwani siku inapoachwa. "Wanaovizia wana programu ya kunyakua sekunde ileile," akasema. "Kidole cha mtu hakishindani nayo. Tuwatoe watu ndani ya nyumba kabla haijapata mwenye mpya. Njia ni hiyo tu."

Zilikuwa kurasa mia nne na kumi na mbili. Tuliwaandikia wenyewe, tuliwapigia, wengine tuliwafuata hadi kazini kwao. Badilisheni mstari wa tatu. Mwenye duka la dawa aliuliza, "Umetumwa na nani?" Karani wa ofisi ya maji akasema, "Ukurasa unafanya kazi, dada, usiuguse, ukiharibika nitaambiwa ni mimi." Mdogo wako, yule wa umeme kuunguzwa, alikaa kwenye benchi la zahanati siku mbili mpaka daktari mfawidhi akatoka kumsikiliza.

Na mlio ukaanza kupungua. Zilikuwa tik zisizohesabika, zikawa za kuhesabika. Mama yako akauliza, "Mbona wageni wanapungua?"

"Tunawaaga, mama."

"Wote?"

"Wote."

Akaangalia rafu. Nami nilikuwa najua alichokuwa anakiwaza, kwa sababu nilikuwa nakiwaza pia. Kila ukurasa ulionyamaza ulikuwa mtu mmoja aliyeokoka, na kila uliponyamaza nilihisi nakutoa nyumbani kwa mikono yangu, shati moja moja.

Siku kumi kabla ya tarehe, Mvumilivu aliandika tena faraghani. "Naona mnajitahidi. Mtasahau mmoja tu. Mmoja ananitosha."

Akabaki mmoja kweli.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mara moja kwa siku, bila kukosa. Wembe alimtafuta mpaka macho yakamvimba. "Kajificha kwenye seva ya wapangaji wengi," alisema. "Kurasa mia tatu zinatumia mlango mmoja. Mlango nauona, chumba sikijui. Na wenye jengo hawapokei simu." Mama yako alizoea kuamka mapema kumsubiri huyo mmoja. "Marahaba," alimwambia gizani, kwa sauti ya mtu anayempokea mgeni asiyemwamini.

Ikafika jana.

Nilikuwa nabandika chai. Binti yako, ambaye siku hizi nyumba nzima, hadi chekechea, inamwita Bibi Swali, alikuwa amekaa juu ya kigoda cha bibi yake, miguu inaning'inia. Tik. Simu ikatetemeka mezani.

"Mama," akasema, "hiki kikisalimia, simu yako inaitikia."

Nikamwambia anywe chai. Kisha nikaichukua simu. "Mzazi mpendwa, leo mtoto wako atachukuliwa na: Mama."

Nilikuwa nimewaandikia watu mia nne na kumi na mmoja kwamba wabadilishe mstari wa tatu. Ukurasa wa chekechea niliutengeneza kwa kulinakili jibu lako lilivyo, kabla hujalirekebisha, na sikuwahi kuufungua tena ndani. Nilikuwa nimewasonya watu nikiwa mmoja wao. Mama yako alielewa kabla sijamaliza kumweleza. "Nyani haoni kundule, mwanangu," akasema. Orodha ya watoto arobaini. Kuanzia saa sita ya usiku, jina la mtu wa kumchukua kila mtoto getini lingeweza kuandikwa na Mvumilivu.

Neno la siri la ukurasa analo Mwalimu wa chekechea, kwenye daftari, kwenye kabati, na ufunguo wa kabati anatembea nao. Jana alikuwa kwenye semina. Simu yake ilizimwa. Nikamsubiri pale chekechea kwenye kiti cha watoto, magoti yakinifika kifuani, saa nane, saa tisa, saa kumi. Wazazi walikuja na msaidizi wake akaisoma orodha getini, jina kwa jina, na kila jina lililoitwa lilinipita mwilini kama maji baridi. Bibi Swali alinichorea picha tatu. Saa kumi na mbili kasoro Mwalimu akaingia na mkoba begani.

"Mama Bibi Swali! Kuna nini?"

"Naomba daftari, Mwalimu. Nataka kubadilisha mstari mmoja."

"Ukurasa unafanya kazi vizuri tu. Kwa nini uuchokoe?"

"Mwalimu, nani anaamua mtoto apewe nani?"

"Orodha."

"Na orodha anaiandika nani?"

"Si ukurasa?"

"Na ukurasa unamtii nani?"

Akanitazama. Akatoa ufunguo.

Mistari yako mitano ilikuwepo, mume wangu, hakuna aliyeigusa. Juu yake nilikuwa nimenakili hata salamu yako, "Karibu sana, Mama Mgeni. Taratibu ndiyo mwendo." Nikaweka kidole mwisho wa mstari wa tatu, na kidole kikagoma. Hiyo ilikuwa tik ya mwisho. Nikiifuta, jikoni hakuna tena mtu anayekuulizia. Mwalimu akadhani nimesahau la kufanya. "Umekwama?" akauliza. Nikasema hapana. Nikafuta. Nikaandika anwani nyingine, ya kuaminika. Nikahifadhi, nikafungua upya, nikasoma mpaka chini, mara tatu.

Salamu yako sikuifuta.

Saa sita sikuisubiri. Ilipita nikiwa nimelala, mkono wangu juu ya mgongo wa mtoto. Alfajiri hii kitu cha kwanza nimefungua Kibaraza, na chini ya jibu lako la zamani kuna neno moja, limeandikwa na Mvumilivu sekunde moja baada ya saa sita.

"Nimefika."

Kwa hiyo anwani si yako tena. Na wanaosoma walielewe hili vizuri. Kama tumemsahau mtu yeyote, sisi hatutajua. Salamu yake haiji tena jikoni kwetu. Inakwenda kwake, na yeye ataiitikia. Kama uliwahi kulinakili jibu la Taratibu, kama fundi wako alilinakili, kama hukumbuki, fungua uangalie. Leo, si kesho. Mwenyewe angekuandikia siku nne mpaka uelewe. Mimi ninayo barua hii tu.

Lakini sina hofu yote niliyokuwa nayo jana. Mwezi ujao namaliza darasa la jioni. Wembe amesema Kibaraza kinahitaji mtu wa kuwapokea wageni, awasomee hadi chini, na jina la Mama Mgeni linafaa. Nimekubali. Jioni, nikishaosha vyombo, ninakaa kwenye kiti chako. Mguu wake bado umefungwa waya ule ule.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, aliyekuitikia mwaka mzima. Na dada zako wawili na mdogo wako, ambaye sasa husoma maandishi madogo hata kwenye paketi ya chumvi. Na Wembe, mpinzani wako, anayesema bado njia yako ni ya kizee na ameanza kuitumia. Na Kibaraza chote. Na binti yako. Na mimi mkeo, Mama Mgeni, uliyesema atafika mbali. Mashine inaweza kunyamaza, sisi hatutaacha kukutaja maadamu tupo hai.

Nilikuwa nimemalizia hapo. Acha niongeze kidogo, maana kumetokea sasa hivi.

Saa kumi na moja na nusu tulikuwa wote jikoni, taa hatujawasha. Mama yako kwenye kigoda, mdomo umeshakaa tayari kwa marahaba yake. Nilishika kopo la unga bila sababu. Simu ikatetemeka mezani, nikaisoma: leo mtoto wako atachukuliwa na Mama. Ni kweli, ni mimi. Bomba la juu likaguna. Tukasubiri. Nyuma ya kopo taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka kama kawaida, na hapakuwa na mlio. Hatukujua kama wameokoka wote, au kuna mmoja anayesalimia mahali pengine.

Bibi Swali akakohoa mara mbili, akatutazama mmoja mmoja.

"Leo hakuna aliyetusalimia," akasema.